Aliyeniambia "Bado" Ndani ya Karavani

Sikuota, sikuwa na homa, na jua halikunipiga. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo niliyoulizwa na kila niliyemsimulia, tangu wenzangu wa chumbani hapa Rashidiya, Dubai, mpaka kaka yangu aliyeko Tanga. Mambo haya yamenipata mimi mwenyewe, jua halijazama, nikiwa na spana mkononi. Na yupo Mkenya mmoja, mzima wa afya, aliyesikia kwa masikio yake. Mkimtafuta atakana, lakini alisikia.

Mimi ni mtu nisiyetulia. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mombasa kwa miezi miwili, nikakaa miaka mitatu. Nikarudi nyumbani, nikaoa, nikapata mtoto, miguu ikaanza kuwasha tena. Muscat, Doha, na sasa Dubai. Kila nifikapo naanza kupakumbuka nilikotoka, kisha nikipata nafasi ya kurudi, naenda mbele. Katika kuzunguka huko nilimwacha binti yangu Rukia kwa dada yangu akiwa na miaka tisa. Leo anayo kumi na saba. Hesabu mwenyewe.

Hapa nafanya kazi kwa familia ya Kizanzibari ya siku nyingi. Arbab, ndivyo tunavyomwita bwana mwajiri, amezaliwa hapa hapa. Mama yake, Bi Zuwena, aliletwa akiwa bibi harusi, na Kiunguja chake mpaka leo utadhani katoka Malindi ya Unguja asubuhi. Mimi ni dereva, ni mtunza bustani, ni fundi wa kila kinachoharibika, na zaidi ni fundi wa madishi. Kazi hiyo niliianza utotoni, nikipanda juu ya bati kuzungusha antena huku mtaa mzima umejaa sebuleni kwetu unapiga kelele. Mwenzangu kazini ni Wafula, mpishi, Mkenya wa Bungoma.

Wiki yenyewe ilianza hivi. Rukia alinipigia simu.

"Baba, tumeingia fainali ya mpira wa pete. Jumamosi. Wamesema itaonyeshwa kwenye TV moja kwa moja."

"Mashallah! Nitaangalia, mama."

"Utaangalia kweli? Maana nilipofaulu darasa la saba uliambiwa. Nilipolazwa uliambiwa. Safari hii usiniambie umeambiwa. Uone kwa macho yako."

Nikamwapia. Niliapa kwa jina la Mungu, jambo ambalo sina mazoea nalo.

Ijumaa jioni arbab akaja ameshika funguo, uso unang'aa kama mtoto wa Idi. Kanunua karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, chenye vitanda, jiko na televisheni ukutani. "Yalla, kesho jangwani! Tunalala huko huko, tunarudi Jumapili, inshallah."

Kule wanakokwenda kupiga kambi simu haishiki hata mstari mmoja. Ningeomba ruhusa? Ningeomba, lakini kati yetu sote ni mimi peke yangu niliyewahi kuvuta karavani. Nikawaza: karavani ina televisheni. Ina dishi dogo la kukunja. Ina betri yake chini ya kiti. Mimi ni fundi. Kwa nini nisipate?

Nikaenda kwa Bi Zuwena. Chumbani kwake ana king'amuzi cha stesheni za nyumbani, na juu ya paa ana dishi kubwa kama sinia la kulia watu kumi.

"Bibi, naomba king'amuzi chako twende nacho jangwani. Binti yangu anacheza."

"Chukua, baba. Na mie nitakuja kumtazama huyo mwanao."

Yakumbuke maneno hayo, ndiyo yaliyoniponza.

Tulifika saa nane mchana. Nikaiegesha karavani mbali na tuta la mchanga ili upande wa kusini magharibi uwe wazi, maana setilaiti ya nyumbani iko huko. Karavani ikiinama hata kidogo, dishi linainama nalo, kwa hiyo nikatia mbao chini ya gurudumu moja mpaka maji ndani ya kikombe yakatulia sawa. Ile miguu minne ya kuizuia isitikisike sikuishusha. Nilikuwa na haraka. Arbab akaondoka na wageni wake kwenda kuchezea vigari vya mchangani, Bi Zuwena akakaa kwenye hema, hatua arobaini nyuma yetu, na kahawa yake. Saa tisa na nusu mimi nikawa juu ya paa, Wafula ndani mbele ya televisheni.

Asiyewahi kutega dishi hajui taabu yake. Dishi si kama antena ya zamani. Ukilisogeza upana wa ukucha, unangoja, kwa sababu king'amuzi kinafikiri polepole. Ukiwa na papara unapita juu ya picha bila kujua. Ndiyo maana lazima ndani akae mtu wa kukutazamia, na maisha yako yote yako kwenye mdomo wa mtu huyo.

"Vipi?"

"Bado, buda!"

"Sasa?"

"Bado! Nguvu iko, ubora ni sifuri. Hii kitu haitaki!"

"Sasa?"

"Iko! Iko! Ai, imeenda. Buda, umepita!"

Saa kumi ikafika. Kwa nyumbani ni saa tisa, mechi imeanza. Nikazungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kweli nilikuwa naijua, ila sikutaka kuisema: dishi lile lilikuwa dogo mno. Mawimbi ya nyumbani yakifika Dubai ni makombo tu. Fundi yeyote atakwambia usijisumbue.

Karibu na saa kumi na moja nikashuka kutafuta spana nyembamba zaidi, nikaingiza kichwa ndani ya buti la gari. Upepo unavuma, vigari vya watu vinanguruma kila upande, na mbali kidogo kuna mtu anapiga honi mfululizo. Wafula akapiga kelele maneno mengi, mimi nikasikia mwisho tu: "... saa hii!" Nikafurahi. Nikadhani anasema picha inakuja sasa hivi. Nikarudi mbio, nikapanda ngazi.

"Wafula! Vipi?"

Kimya.

"Wafula!"

Ndipo nikasikia chini, mlangoni, sauti ya bibi kizee: "Hodi."

Niambie, wewe ungesema nini? Mswahili akisikia hodi mdomo unajibu kabla ya akili. "Karibu, Bibi, karibu ndani!" nikasema, wala sikuchungulia. Nikajua Bi Zuwena kaja kama alivyoahidi.

"Nishakaribia," sauti ikajibu, sasa iko ndani.

"Bibi, Wafula yupo humo?"

"Yupo wapi? Zungusha, mwanangu. Nakutazamia mie."

Nikazungusha. Na hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndipo paliponishangaza kama fundi.

"Bado," akasema. "Bado. Shusha."

"Nishushe? Bibi, setilaiti iko juu."

"Shusha, nakwambia. Bado. Geuza huku linakotoka jua. Bado. Shusha tena, kama ukucha. Bado, mwanangu, usichoke."

Kila alipotamka "bado" lilikuwa limetulia, halina haraka, kama mtu aliyelisema miaka na miaka. Nikamfuata kwa sababu yangu yote yalikuwa yamenishinda. Dishi likageuka likaipa setilaiti mgongo. Likainama. Mwisho likawa linatazama mchanga, mita mbili mbele yake. Hata mwendawazimu haelekezi dishi ardhini!

"Papo!" akasema. "Papo papo, usiguse tena! Kuna wasichana wanaruka."

Sijui nilishukaje. Ngazi sikuigusa. Nikaingia kwa kishindo, na pale ukutani, wallahi, picha safi kama maji ya kisima: uwanja wa nyumbani, vumbi jekundu, watu wamejaa mpaka kwenye kuta, na katikati mtoto wangu.

Nilimjua kabla ya kumwona uso. Alikuwa mrefu kuliko mimi nilivyomdhani, jasho linamtiririka, kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka anaifunga huku mwamuzi anamharakisha. Ishirini na moja kwa ishirini na moja.

"Shikamoo, Bibi," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba."

Hapo nilijua si Bi Zuwena. Bi Zuwena akiitikia huuliza mpaka hali ya watoto wa jirani. Huyu nilimwona kwa pembe ya jicho tu, amekaa pembeni ya kitanda, hatua moja nyuma ya bega langu, kanga ameiteremsha mpaka usoni. Mtu mwenye akili angegeuka akamtazama. Mimi sikugeuka. Miaka minane sijamwona mtoto wangu akikimbia, nikageuze macho nimtazame mgeni? Ningekuwa radhi akae humo shetani mwenyewe, bora asinizibe.

"Yupi wako?"

"Yule mrefu, anayefunga kiatu. Yeye ndiye mfungaji wao."

"Ana miguu yako. Haitulii." Akacheka kidogo. "Ulimwacha ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Wangu saba. Na yeye ni mwanamke."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndiyo nataka unionyeshe. Mie nimekuonyesha wako. Panda na wewe unizungushie, nimtazame wangu."

Nikasema, "Sawa, Bibi, anaitwa nani?"

"Jina limenitoka. Nikimwona nitamjua."

Mzazi asahau jina la mwanawe? Hapo tu nikashusha macho nikaona miguu yake. Najua unataka kuuliza kama ilikuwa kwato. Haikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu, pekupeku, visigino vimepasuka kwa kutembea. Lakini tulikuwa katikati ya jangwa, na miguuni pake hapakuwa na chembe ya mchanga.

Kwenye picha filimbi ikalia. Mpira ukarushwa, ukapokonywa, ukarudi, ukamfikia Rukia chini ya pete. Uwanja mzima ukasimama.

"Panda sasa," akasema bibi.

"Bibi, subiri, anataka kufunga!"

"Wote husema subiri. Na mie nilisema subiri. Nilimwambia msimu mmoja tu nitarudi."

"Dakika moja, nakuomba!"

Rukia akaukumbatia mpira tumboni. Midomo yake ikatikisika.

"Anasema nini?" nikauliza. Sijui kwa nini nilimuuliza yeye.

"Anasema, Baba, tazama."

Akaurusha. Mpira ukapanda, ukakaa juu ya ukingo wa pete, ukazunguka mara moja, mara ya pili, mimi pumzi imekatika, ukaingia! Niliruka, nikagonga kichwa kwenye dari ya karavani mpaka damu. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nalia na kucheka, wenzake wamemvaa wote, anazama katikati yao, mkono wake mmoja tu unaonekana juu.

"Haya," akasema bibi. "Zamu yangu."

Nilipanda. Hofu ninayo, lakini na aibu ninayo vilevile: mtu kakupa, utamnyima? Nikashika dishi nikaanza kuzungusha.

"Bado," akasema. "Bado. Kidogo tena. Bado."

Jua lilikuwa linamalizikia. Sauti yake ikawa inapungua, si kwa kwenda mbali, ila kama mtu anayeinamia kioo ili aone vizuri. Nikazungusha kila upande ninaoujua na nisioujua. "Bado, mwanangu. Bado."

Gari la mgeni mmoja wa arbab likaja kwa kasi, likasimama. Akateremka Wafula, kakumbatia kitu kizito kifuani, na gari likaondoka.

"Buda, unafanya nini huko juu? Unategea nani dishi na betri niko nayo mimi?"

Nikamtazama. Ilikuwa betri ya karavani.

"Arbab alikwama huko nyuma, kigari kikazima kabisa. Mgeni wake akanijia na gari, ndiye huyo wa honi. Si nilikuambia? Nikasema natoa betri, narudi saa hii!"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa kwa buti. TV imezima kitambo. Acha mchezo, shuka."

Na hapo hapo, kutoka ndani ya karavani yenye giza, televisheni haina umeme, kiti cha betri kiko wazi, Wafula anakiona dirishani, sauti ikasema taratibu: "Bado."

Wafula alitupa betri. Ikaanguka nusu hatua kutoka mguuni pake. "Nani huyo ndani?" akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama mwanamume mzima anayo. Hakungoja jibu. Alikimbia mpaka kwenye hema, na mimi nyuma yake, nimeruka kutoka juu ya paa. Na wakati naruka nilihisi karavani ikiyumba chini yangu, kama iyumbavyo kila mtu anapopanda au kushuka, kwa vile ile miguu minne sikuishusha. Nikakumbuka: yule bibi alipoingia haikuyumba hata kidogo.

Bi Zuwena alikuwa amesinzia. Tukamwamsha, nikamweleza kila kitu, damu inanishuka shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Alibisha hodi?"

"Alibisha, Bibi. Nikasema karibu. Nilidhani ni wewe."

"Mie? Mie nibishe hodi kwenye kitu cha mwanangu niliyemzaa?" Akanitazama kwa huruma na hasira pamoja. "Mwenyewe habishi hodi, baba. Hodi ni ya mgeni. Ulipoisikia tu ungejua."

Huo ndio upumbavu wangu, na ni upumbavu wa Mswahili. Mwarabu au Mhindi asingeelewa hata neno, asingemkaribisha.

Tulilala hemani sote, arbab ananung'unika. Jumapili tuliporudi na simu kushika, nikampigia Rukia kabla sijashuka garini.

"Baba, pole," akasema mara moja. "Hawakuonyesha. Gari la matangazo halikufika uwanjani."

Nikasema, "Nimeona."

"Baba, usianze."

"Ishirini na mbili kwa ishirini na moja. La mwisho umefunga wewe."

"Shangazi kakwambia."

"Kamba ya kiatu cha kushoto ilifunguka, mwamuzi akakuharakisha. Na kabla hujaurusha mpira ulisema neno."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, Baba, tazama."

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema kwa furaha ambayo sijapata kuisikia kwake tangu akiwa mdogo, anapiga kelele: "Ulikuja! Baba, ulisimama wapi? Upande wa lango? Mbona hukunijia?"

Ikabidi nimwambie kuwa niko Dubai. Kaka zangu na dada zangu, nimewahi kusema mambo magumu maishani, lakini hilo sitalisahau. Akasema polepole, "Nilidhani umekuja," akampa shangazi yake simu.

Tangu hapo nimepanda juu ya mapaa mawili tu. Moja la duka mtaani Al Ras, jingine la zahanati mtaani Oud Metha, nilikoitwa kutega madishi. Mara zote mbili, jua likielekea kuzama, kutoka chumba nilichokifunga kwa mkono wangu nikasikia: "Bado, mwanangu." Ile ya Oud Metha nilijitahidi, nilizungusha saa nzima, nikamwambia, "Bibi, umemwona?" Hajamwona. Spana zangu nimempa Wafula, na Wafula amezitupa.

Mimi naondoka Alhamisi. Tiketi ni ya kwenda tu. Sijamwambia Rukia, nitamkuta shuleni. Arbab alicheka nilipoaga, akasema baada ya miezi mitatu nitakuwa nimeshachoka. Labda kweli, miguu yangu naijua. Lakini namwogopa yule bibi, aliyesema msimu mmoja tu, kuliko ninavyoiamini miguu yangu.

Karavani arbab ameiuza. Sijui kamuuzia nani, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Iko huko nje inavutwa, nyeupe, ina dishi dogo la kukunja. Kama unasema Kiswahili, ukawa juu ya paa lake siku moja, ukasikia hodi chini, usiseme karibu. Uliza: nani? Uliza mpaka utajiwe jina. Hana la kukupa, atapita. Na ikiwa shida imekubana kama ilivyonibana mimi, ukaona bora umkaribishe, fanya utakavyo. Ila ujue unaajiriwa kumtafutia mwanawe, na kazi hiyo haina saa ya kutoka.